Nyundo Avaa Glovu

Jumatatu mama mmoja alinikuta kwenye foleni ya kulipia umeme, akanishika mkono, akasema haniachii mpaka nimwambie nani alikuwa akibisha kwenye ule mlango. Nikamwambia asubiri gazeti kama wenzake. Akaniambia nina roho mbaya, tena mbele za watu.

Haya, mama. Gazeti hilo hapo. Mlango unafunguka.

Kwa mliochelewa, nawapa kwa kifupi. Nyundo, mshambuliaji wa timu yetu ya taifa ya wanawake, binti anayechezea klabu kubwa ng'ambo, yule ambaye makipa wakimwona anakuja wanakumbuka kwao, amelala kitandani kwenye chumba cha matibabu cha uwanja. Ameteguka mguu wa kulia asubuhi mazoezini. Kifundo kimevimba utadhani kimefichiwa limau. Nje, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mechi ni moja tu: atakayeshinda anakwenda Kombe la Dunia, na sisi huko hatujawahi kwenda hata kuangalia.

Daktari wa zamani wa timu amestaafu. Mpya anaripoti kazini leo leo. Ndiye aliyekuwa akisema, "Hodi humu ndani."

Nyundo akaishiwa damu usoni. Sauti ile angeitambua hata chini ya maji.

Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamume mrefu, mwenye upara unaong'aa, mkoba begani, macho kwenye simu. "Mgonjwa yuko wapi?" akauliza. Kisha akainua uso.

Simu ikaanguka. Mkoba ukafuata.

Ndiyo, msomaji. Ni yeye. Ni yule bwana harusi.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya harusi yake, Nyundo alikuwa saluni amevaa gauni jeupe, kucha hazijakauka, simu ikaita. Mshambuliaji wa timu ya taifa amevunjika, ndege inaondoka baada ya muda mfupi, kuna nafasi moja, anakuja au haji? Nyundo alijitazama kwenye kioo. Akatazama dirisha la saluni. Alipita uwanja wa ndege na shela kichwani, maofisa wakamgongea muhuri huku wakimpa hongera. Kesho yake akafunga mabao mawili. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtia machoni yule mwanamume aliyemwacha amesimama mbele ya wageni.

Na sasa huyu hapa.

"Shikamoo," Nyundo akajikuta amesema.

"Marahaba," Daktari naye akajikuta amejibu.

Wakatazamana. Watu waliokuwa waitane mume na mke, sasa wanaamkiana kama mtoto na mwalimu mkuu.

"Mnajuana?" aliuliza Mama Jezi.

Huyu Mama Jezi ndiye mtunza vifaa wa timu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Alikuwepo chumbani kwa sababu ya Kocha. Kocha, mwanamama mkali asiyecheka, alikuwa amepoteza sauti kwenye mechi iliyopita akibishana na mshika kibendera, na amekatazwa kusema hata neno moja. Anaongea kwa mikono. Mama Jezi ndiye mkalimani wake. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe.

"Hatujuani sana," alisema Nyundo.

"Kidogo tu," alisema Daktari. Akavaa sura ya kazi, akavuta kiti, akashika mguu. "Hapa panauma?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Hata kidogo."

"Mbona machozi yanakutoka?"

"Uzalendo."

Daktari akaweka mguu chini taratibu, akasimama. "Huchezi."

Nyundo akaketi wima. "Umesema?"

"Nimesema huchezi."

"Aaa! Nilijua tu. Unanilipizia!"

"Nakulipizia nini?"

"Usijifanye hujui! Umesubiri miaka mitatu, umesomea udaktari wa viungo, umeomba kazi kwenye timu ya taifa, yote ili uje uniambie huchezi!"

"Nilianza udaktari kabla sijakujua," alisema Daktari. "Hiyo ingekuwa kulipiza kwa mapema sana."

Hapo Kocha akaanza kurusha mikono. Alijishika koo, akaonyesha juu kwa kidole, akakizungusha kidole hewani kwa hasira.

"Kocha anasema," alitangaza Mama Jezi, "Nyundo atacheza, na aliye juu mbinguni ndiye shahidi."

Kocha alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka kofia ikamtoka. Akaenda mwenyewe ukutani akazima feni ya darini. Ilikuwa inamkausha koo, basi.

"Kwa hiyo asicheze?" aliuliza Daktari.

Kocha akainua mabega, akaelekeza mikono miwili kwa Daktari. Hilo halikuhitaji mkalimani. Uamuzi ni wako.

Nyundo akabadilisha mbinu. Sauti ikawa ya asali. "Daktari, nipime basi. Usinihukumu nikiwa nimelala."

"Sawa. Simama. Ruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni na kurudi."

Nyundo akashuka. Akaruka. Aliruka vizuri, mwepesi, tabasamu hadi masikioni, akafika mlangoni, akageuka, akarudi akitua kama paka. Mama Jezi akapiga makofi.

"Hongera," alisema Daktari. "Huo ni mguu wa kushoto."

Hapo hapo mlango ukapigwa teke.

Aliyeingia ni Shangazi. Ndiye aliyemlea Nyundo tangu akiwa mdogo, na hajawahi kuona mlango uliofungwa akauheshimu. Uso wake ulikuwa umepakwa rangi za timu, na mlinzi wa uwanja alikuwa akimfuata nyuma akisema, "Mama, hapa haparuhusiwi, mama, nakuomba, mama."

"Wee, niache, mimi ni mzazi!" Shangazi akafoka. "Mwanangu, wanasema umeumia, nani kakuumiza, nimwone! Na huyu mwenye kipara ni..." Akamkazia macho Daktari. Mdomo ukabaki wazi. "Mkwe?"

"Shikamoo, Shangazi," alisema Daktari kwa sauti ndogo.

Shangazi akazimia. Lakini si kizembe. Alitazama kushoto, akaona kitanda cha pili kiko wazi, akazimia kuelekea huko.

Wakampepea kwa jezi. Alipofumbua macho tu, akamshika Daktari kola. "Mwanangu, nisamehe! Kosa ni letu. Mimi ndiye niliyedanganya! Nilisema bibi harusi ameshikwa na tumbo, kumbe msichana yuko angani huko, kaondoka na gauni ambalo hata si lake, la kuazima!"

"Shangazi!" Nyundo alijifunika uso.

"Niache niseme! Nimekaa nalo miaka mitatu, limenitia presha."

Daktari alikuwa amekunja uso. Si kwa hasira, bali kama mtu aliyesikia hesabu isiyojumlika. "Shangazi, ulimwambia nani kwamba bibi harusi anaumwa tumbo?"

"Nilimwambia baba yako mdogo! Na mtu yule ana adabu, jamani. Kabla sijamaliza, yeye ndiye akaanza kuniomba samahani. Nikamwambia hapana, samahani ni sisi. Akasema hapana, mama, sisi ndio wenye kosa. Nikasema sisi. Akasema sisi. Tukaombana samahani pale hadi wapishi wakaanza kusogeza masufuria. Mwisho tukakubaliana watu waende nyumbani kimya kimya, kila upande usimuulize mwenzake. Nikasema moyoni, hawa watu wamelelewa."

Daktari akaketi kitandani, karibu amkalie Shangazi. "Baba mdogo alikuwa anaomba samahani," alisema taratibu, "kwa sababu mimi sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?" aliuliza Nyundo.

"Harusini."

Huko nje mashabiki walikuwa wakiimba jina la Nyundo.

"Rudia," alisema Nyundo.

"Sikwenda harusini. Nilidhani nimekuacha umesimama mbele ya watu. Miaka mitatu yote nimekuwa nikikukimbia. Nikiona picha yako barabarani nabadili njia."

"Ulikuwa wapi?"

Daktari alijishika upara. "Kwa kinyozi."

"Kwa kinyozi?!" Mama Jezi ndiye aliyepiga kelele. Ukalimani wake ulikuwa umevuka mipaka.

"Nilikwenda kupunguza nywele kidogo, kwa ajili ya picha. Nikakaa kwenye kiti. Nikaanza kufikiri. Kinyozi akasema tayari. Nikamwambia ongeza kupunguza. Nikaendelea kufikiri. Akasema tayari. Nikamwambia bado. Ikawa hivyo mpaka akaniambia, kaka, nimefika kwenye ngozi, nikiendelea tunaingia mambo ya hospitali. Nikatazama saa. Harusi ilikuwa imekwisha."

"Ulikuwa unafikiri nini?" Sauti ya Nyundo ilikuwa imeshuka.

Daktari akatazama sakafu. "Nilikuwa naogopa. Wewe ulikuwa unakwenda mbali, kila mtu aliliona hilo. Mimi nikajiona nitakuwa yule mtu wa kukupokea mizigo uwanja wa ndege. Halafu nikaona aibu kufikiri hivyo siku ya harusi yangu. Halafu kinyozi akauliza, bado? Nikasema bado."

Hapo, msomaji, mwanamke mwingine angelia. Nyundo alisimama kwenye kitanda.

"Magoli yangu!" alipiga kelele. "Magoli yangu yote!"

Mnajua namna Nyundo anavyoshangilia. Akifunga, anakimbilia kamera, anapiga magoti, anaunganisha viganja, anafumba macho. Waandishi wa michezo waliandika kwamba anasali. Watoto wa shule za msingi wanaiga wakifunga hata kwa mpira wa matambara. Kampuni moja ya sabuni iliweka picha hiyo kwenye mabango.

"Nilikuwa nakuomba msamaha wewe!" alisema Nyundo. "Kila goli! Nchi ishirini nimepiga magoti! Magoti yamepauka! Kumbe mwenzangu uko kwa kinyozi!"

"Mimi nilidhani unanishitaki kwa Mungu," alisema Daktari. "Ukifunga tu, nilikuwa nazima televisheni na kufunga madirisha."

Nyundo akaokota kiatu cha mpira akakirusha. Daktari akainama. Kiatu kikaingia kwenye ndoo ya Mama Jezi, maji yakamrukia mlinzi wa uwanja, ambaye mpaka wakati huo hakuwa ametoka kwa sababu habari ilikuwa imemnogea. Nyundo akaruka chini kutafuta kiatu cha pili, akakipata, akainua mkono.

"Subiri!" alisema Daktari.

"Sisubiri!"

"Umesimama."

"Nimesimama ndiyo, na nitakupiga!"

"Umesimama kwa mguu wa kulia."

Nyundo akatazama chini. Kweli. Uzito wake wote ulikuwa juu ya kile kifundo chenye limau. Alipokiona tu kikakumbuka kuuma, naye akaketi sakafuni akisema maneno ambayo gazeti hili haliyachapi.

Daktari akapiga goti, akaushika tena mguu, akaubonyeza huku na huku. "Kama ungekuwa umechanika usingeweza kusimama hivyo hata kwa hasira. Nitakufunga bandeji ngumu. Utakaa benchi. Mambo yakiharibika, utaingia mwishoni kabisa. Lakini hukimbii. Umenisikia? Hukimbii."

"Mshambuliaji asiyekimbia si mshambuliaji, ni nguzo."

"Basi ukawe nguzo."

Nyundo akamtazama akimfunga bandeji, kichwa kile kinang'aa chini ya taa. Alitaka kucheka. Akajizuia kwa sababu hasira ilikuwa haijaisha, na hasira ya miaka mitatu haitumiwi kwa mchana mmoja.

* * *

Mambo yaliharibika.

Kipindi cha kwanza wageni walitufunga. Kipindi cha pili tukarudisha, kwa mpira uliomgonga beki wao mgongoni akiwa amegeuka kufunga kamba ya kiatu. Bao moja kwa moja. Wasichana wetu walikuwa wamechoka, wanakimbia kama watu wanaopita kwenye tope. Kila mtu uwanjani alijua: mechi ikienda dakika za nyongeza, tumekwisha.

Na tatizo letu kubwa lilikuwa kipa wa wageni. Wanamwita Mnara. Mwanamke mrefu, kiasi kwamba akinyoosha mkono anagusa mwamba wa goli bila kuinua kisigino. Mashuti yetu yote alikuwa akiyadaka kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba.

Zikabaki dakika chache. Mashabiki wakaanza: "Nyundo! Nyundo! Nyundo!"

Kocha akamgeukia Daktari, akainua nyusi. Daktari akavuta pumzi, akatikisa kichwa kukubali. "Asikimbie tu."

Nyundo akavua koti. Uwanja ukalipuka. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu ya kubadilisha mchezaji, moja na ya mwisho. Mwamuzi wa akiba, yule anayesimama pembeni na kibao cha namba, akauliza, "Nani anatoka?"

Kocha, ambaye alikuwa bado anafikiri, akamwinulia kidole kimoja. Maana yake ilikuwa: ngoja kidogo.

"Namba moja!" alitangaza Mama Jezi. "Kocha anasema atoke namba moja!"

Kibao kikapanda. Namba moja, nyekundu, inawaka.

Namba moja, msomaji, ni kipa.

Kocha aliona, akaanza kuruka. Akapunga mikono, akapiga miguu chini, akajipiga kichwa. Mwamuzi wa akiba akamwambia, "Sawa, Kocha, nimekusikia, tunafanya haraka." Kipa wetu alitoka langoni akilia, hajui kosa lake, akamvulia Nyundo glovu, akaketi benchi akafunika uso kwa taulo. Na sheria ya mpira ndiyo hiyo: aliyetoka harudi.

Nyundo alisimama kwenye mstari ameshika glovu mbili kubwa kama mito ya kulalia. "Hizi za nini?"

"Za langoni," alisema mwamuzi.

"Langoni nani?"

"Wewe."

Nyundo akamtazama Kocha. Kocha alikuwa amelala chali kwenye nyasi. Akamtazama Mama Jezi. Mama Jezi alikuwa ghafla na kazi nyingi ya kukunja taulo. Akamtazama Daktari.

Daktari akainua mabega. "Angalau golini hakuna kukimbia."

Basi akaenda. Alichechemea uwanja mzima, kutoka benchi hadi langoni, huku watu makumi ya maelfu wakijiuliza kama hiyo ni mbinu mpya iliyotoka ng'ambo. Mchambuzi wa redio alisema ndiyo, tena akaieleza.

Mpira wa kwanza ulikuja taratibu, ukapita karibu na nguzo, ukatoka. Nyundo aliusindikiza kwa macho kama mtu anayeaga mgeni. Mpira wa pili ulimpiga begani akiwa anarekebisha glovu, ukatoka nje. Uwanja ukashangilia. Kona.

Dakika ya mwisho. Mwamuzi wa kati ameshatazama saa.

Wageni hawakutaka dakika za nyongeza. Walitaka kumaliza hapo hapo, mbele ya kipa asiye kipa. Wakaja wote. Na alipotokea Mnara, akitembea kwa hatua ndefu kutoka kwenye lango lake, akaja kusimama mbele ya Nyundo, jua likazibwa.

"Pole na mguu," alisema Mnara, kwa upole kabisa.

"Asante," alisema Nyundo. Halafu akajiuliza, huyu kajuaje habari za mguu? Lakini kona ilikuwa imeshapigwa.

Mpira ukapanda. Mnara akaruka. Mabeki wetu wakaruka, wakafika kiunoni kwake. Kichwa kikaukuta mpira, mpira ukashuka kama jiwe. Nyundo akafanya jambo ambalo hajawahi kufundishwa na kocha yeyote: alifumba macho, akafungua mikono, akakumbatia.

Alipofumbua, mpira ulikuwa kifuani mwake.

Alimsikia Shangazi akipiga vigelegele kutoka jukwaani. Alisikia mabeki wakimwambia lala nao, lala nao! Lakini Nyundo hakuwa kipa. Alikuwa mshambuliaji tangu anazaliwa, na macho ya mshambuliaji yakiinuka hutafuta lango. Akainua macho. Mbali kule, ng'ambo ya vichwa vyote na nyasi zote, lango la wageni lilikuwa wazi kama mlango wa duka.

Akauachia mpira udondoke. Akaupiga kwa mguu wa kushoto, mguu ambao maisha yake yote alikuwa akiutumia kupandia ngazi tu.

Haukuwa mpira mzuri. Uliyumba. Ulikwenda juu kama unatafuta njia ya kutoka uwanjani, ukabadili mawazo, ukashuka katikati ya uwanja, ukadunda. Mnara akageuka akaanza kukimbia. Mpira ukadunda tena. Mnara alikuwa na miguu mirefu, kila hatua yake ni mbili za mtu wa kawaida, na akawa anaukaribia, anaukaribia. Watu wakasimama kwenye viti. Mlinzi wa uwanja aliacha geti lake. Mpira ukaacha kudunda, ukaanza kubingirika, ukapunguza mwendo kama mzee anayekaribia nyumbani. Mnara akajitupa.

Alishika nyasi.

Mpira ukavuka mstari, ukasogea kidogo tena kwa adabu, ukasimama. Haukufika hata kwenye nyavu.

Filimbi! Goli! Na filimbi nyingine ndefu, mpira umekwisha!

Msomaji, mimi nilikuwepo, na siwezi kukueleza kelele ile. Mtu nisiyemjua alinibusu kwenye paji la uso. Watu wazima walikuwa wakilia wamekumbatia nguzo za taa. Tunakwenda Kombe la Dunia! Sisi!

Nyundo alianza kupiga magoti kwa mazoea, viganja vikakaribiana. Akiwa katikati, goti moja chini, akakumbuka aliyekuwa akimwomba msamaha alikuwa kwa kinyozi. Akasimama. Akashuka kidogo. Akasimama tena. Wapiga picha wakashindwa kuelewa wapige saa ngapi.

Daktari alikuja mbio na mkoba wake. "Umepiga kwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Wa kulia unauma?"

"Sana."

"Ulikimbia?"

"Sikukimbia."

Wakatazamana. Na kwa mara ya kwanza tangu mlango ule ufunguke, Nyundo akacheka. Alicheka mpaka akamshikilia bega asianguke. Daktari naye akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kukohoa kidogo mwishoni, na ndani ya Nyundo kitu fulani kikajigeuza upande wa pili, kama mtu anayeamka na bado hataki kufungua macho.

Hapo ndipo vipaza sauti vya uwanja vikakoroma. Kisha ikasikika sauti ambayo haikuwa ya mtangazaji.

"Haloo? Haloo? Inasikika? Nipishe, kijana, mimi ni mzazi."

"Hapana," alisema Nyundo. "Hapana, hapana, hapana."

Shangazi alikuwa ndani ya uwanja, hatua chache kutoka kwao. Ameshika maiki ya mtangazaji kwa mikono miwili.

"Wageni waalikwa!" alitamka Shangazi, na uwanja mzima ukaitika kwa kelele. "Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na harusi, ikaingiliwa na mambo madogo madogo. Leo bibi harusi yupo! Bwana harusi yupo! Mmewaona wanavyocheka! Wageni mko wa kutosha, tena wengine mmesimama! Naomba mnijibu kwa sauti moja: kuna mtu hapa ana pingamizi?"

"Hakunaaa!" uwanja ukanguruma.

"Ninalo mimi."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini ilisemwa karibu na maiki.

Watu wakageuka. Mnara alikuwa amesimama nyuma ya Shangazi, majani ya uwanja yamemganda kwenye jezi, uso hauna rangi. Alimpita Shangazi, akampita Nyundo, akaenda kusimama mbele ya Daktari. Akamtazama kutoka juu hadi chini, na kwa urefu ule ilikuwa safari.

"Mpenzi," alisema, "huyu mama anazungumzia harusi ya nani?"

Akavua glovu ya kushoto. Kidoleni kulikuwa na pete.

Shangazi alitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na kitanda. Ikabidi abaki amesimama.

Nyundo aliitazama ile pete. Alimtazama Mnara, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa goli alilofungwa na kwa hili lililofuata. Kisha akamgeukia Daktari, na mashabiki waliokuwa karibu na uzio wanasema walimwona Daktari akirudi nyuma hatua.

"Nataka kujua jambo moja," alisema Nyundo. "Uliponiambia sichezi. Ulikuwa unautazama mguu wangu, au ulikuwa unamfikiria kipa wao?"

"Na mimi nataka kujua," alisema Mnara. "Uliniambia kwenye simu hatacheza. Kwa nini ukamruhusu?"

Daktari akamtazama huyu. Akamtazama yule. Makipa wawili, kila mmoja anasubiri mpira wake.

"Naomba tuzungumze pembeni," alisema.

Nyundo akachukua maiki mikononi mwa Shangazi, akampa Daktari.

"Jibu hapa hapa," alisema. "Na sema taratibu, watu wa jukwaa la juu wasikie."